Paa la Watu Kumi na Wawili

Februari 2018, saa kumi jioni, mzee mmoja alinifungulia fleti namba 11 katika jengo la zamani pale Milimani, Kisumu, na kabla sijafika jikoni moyo wangu ulikuwa umeshahamia. Upepo wa ziwa uliingia kwa dirisha la sebuleni ukatokea kwa mlango wa nyuma. Sakafu ilikuwa ya terazo, ile ya vijiwe vidogo vilivyosuguliwa vikang'aa, na milango ilikuwa ya mvule, mizito, ambayo ukiifunga husikii tena kelele za ngazini. Vyumba vitatu vya kulala, kila kimoja kina nafasi ya kitanda, kabati na mtu kupita. Aliyewahi kupanga katika fleti za siku hizi, ambapo ukitaka kufungua kabati lazima kwanza ukae kitandani, atanielewa.

Jengo ni la miaka ya sitini. Lina orofa ya chini na nyingine mbili juu yake, fleti nne kila orofa, 12 kwa jumla. Namba 11 iko juu kabisa. Hilo ndilo lililonivutia, upepo na ziwa unaloliona kupitia mapengo ya miti, na ndilo lililokuja kunitoa machozi.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Tulikuwa tumepanga Migosi miaka 11, mimi, baba watoto na watoto wetu wawili, na kila tulipofikiria kujenga, hesabu ilikataa. Ukinunua ploti upande wa Mamboleo au Riat bado hujachimba msingi, hujavuta maji wala stima. Na sehemu nyingi za chini za Kisumu zina ule udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka wakati wa kiangazi, kwa hiyo msingi peke yake unaweza kumeza pesa za kuta. Jengo lililosimama miaka 50 bila ufa mkubwa nililiona kama mwanafunzi aliyekwisha kufanya mtihani na matokeo yapo. Mpaka leo sijabadilisha mawazo kuhusu hilo. Kuta zetu ni nene, msingi umetulia. Nilichokosea ni kutazama kuta na kusahau vitu vingine vyote vinavyozeeka haraka kuliko kuta.

Mzee alitaka milioni 3.6. Benki niliyoiendea ilinisikiliza vizuri hadi nilipotoa nakala ya hati, halafu ikasema haiwezi kukopesha kwa jengo la namna hiyo. Nikarudi kwa Sacco yetu, yaani chama chetu cha akiba na mikopo, ambako unakopa hadi mara tatu ya akiba yako ukipata wadhamini. Walimu wenzangu wanne waliweka sahihi. Baba watoto alijaza pengo kwa akiba yake. Watu wanne wamekuwekea dhamana ya mishahara yao, hapo huwezi kununua kitu kwa kubahatisha, na kweli nilidhani sibahatishi.

Ile sababu ya benki kukataa ningepaswa kuiuliza siku ile ile badala ya kukasirika. Niliielewa baadaye, wakili wangu aliponiketisha na kunichorea kwenye karatasi. Majengo ya zamani ya aina hii hayakuwa na hati kwa kila fleti. Kulikuwa na hati moja tu, hati mama, ya kiwanja chote, na iliandikwa jina la kampuni ndogo iliyoundwa kwa kazi hiyo moja ya kushikilia jengo. Aliyenunua fleti alipewa vitu viwili: mkataba wa muda mrefu wa ukodishaji kutoka kwa kampuni, na hisa moja ndani ya kampuni hiyo. Kwa hiyo nilichokuwa ninanunua kwa mzee ni nafasi yake katika mkataba, pamoja na hisa yake. Kampuni ikiwa hai, shughuli hiyo si ngumu. Kampuni yetu ilikuwa imelala usingizi wa miaka mingi.

Wakili alifanya sachi mbili, yaani kupekua rekodi, moja katika ofisi ya ardhi na nyingine kwa msajili wa kampuni. Ya pili nisingeiwazia kamwe. Katika ofisi ya ardhi tuligundua kwamba kiwanja ni cha kukodishwa na serikali kwa miaka 99 kuanzia 1955. Yaani kinaisha 2054. Nilipiga hesabu pale pale: imebaki miaka 36, na binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 9, atakuwa na 45. Mzee hakuwa amenificha, mimi ndiye sikuuliza. Tuligundua pia kwamba kodi ya ardhi ya serikali kuu haikuwa imelipwa kwa muda, deni na faini zimefika shilingi 216,000. Watu huchanganya malipo haya. Kuna ada ya kaunti na kuna kodi ya serikali kuu kwa ardhi ya kukodishwa, na bila hati za kuthibitisha kwamba zote mbili zimelipwa, uhamisho hausajiliwi. Na kwa kuwa kiwanja kilikuwa kimoja, deni lilikuwa la wote. Hukuweza kulipa kipande chako cha 18,000 ukapewa hati ya kwako peke yako.

Kwa msajili wa kampuni tulikuta wakurugenzi watatu. Mmoja alikuwa amefariki. Mwingine alihamia Uingereza miaka mingi iliyopita. Wa tatu alikuwa mzee wa fleti namba 7, ambaye alishangaa kusikia kwamba bado ni mkurugenzi. Ripoti za kila mwaka hazikuwa zimepelekwa. Bila wakurugenzi wa kuweka sahihi, mkataba wangu usingehamishwa.

Mkataba wa mauzo ulisema siku 90. Ilichukua miezi saba, mpaka deni likalipwa na sahihi zikapatikana. Ninachomshukuru wakili ni kwamba alikataa kabisa ile asilimia 10 ya malipo ya awali, yaani 360,000, iende mkononi mwa muuzaji. Ilikaa kwa wakili wa upande wa pili, kwa maandishi, hadi jina langu liingie kwenye rejista. Mzee alinuna kidogo, kwa sababu alikuwa anahamia nyumbani Siaya na alitaka kumalizia kujenga huko, lakini alikubali. Ushuru wa stempu, asilimia 4 kwa mali ya mjini, ulikuwa 144,000, na huo ni wa mnunuzi. Ukiongeza ada ya wakili na safari za ofisini, weka kando pesa hizo kabla hujajadili bei ya nyumba, la sivyo utakwama mlangoni.

Kuna siku moja ya miezi hiyo ambayo huwa ninairudia kichwani. Sheria inataka mwenzi wa muuzaji akubali kwa maandishi pale ambapo nyumba ni ya ndoa, kwa hiyo mke wa mzee alitoka Siaya kuja kuweka sahihi. Mama wa miaka sabini hivi, kitambaa kichwani, mkoba umeshikwa kwa mikono miwili. Aliweka sahihi taratibu, akafunga kalamu, akanitazama.

"Nyathina," akaniambia, yaani mwanangu, kwa Kiluo chenye huruma, halafu akageuza kwa Kiswahili, "ulishapanda juu?"

Nikamjibu kwa furaha, "Ndiyo mama, nimepanda, ziwa linaonekana vizuri."

Alitikisa kichwa pole pole, akamtazama mumewe, akanyamaza. Alikuwa ananiuliza kuhusu paa. Mimi nilimjibu kuhusu dirisha. Mama yule aliishi katika nyumba ile zaidi ya miaka ishirini, aliiamkia na kuifagia, na alikuwa amenifungulia mlango wa kuuliza. Sikuuliza. Tangu hapo, yeyote anayeniomba ushauri humwambia: kabla ya kuzungumza na mwenye nyumba, zungumza na aliyekuwa anapiga deki.

Na mvua? Machi hadi Mei 2018 mvua ya masika ilinyesha karibu nchi nzima kwa nguvu ambayo wengi hatujaisahau. Fleti ilikuwa pale, ufunguo ulikuwa kwa mzee, na kutoka Migosi hadi Milimani ni nauli ndogo ya matatu. Sikwenda hata siku moja. Nilikuwa nyumbani nikisahihisha mitihani, nikishukuru kwamba mwaka huu mahindi yatakuwa mengi.

Tulihamia Septemba. Miezi ya kwanza ilikuwa ya raha. Kulikuwa na joto, kweli, kwa sababu slabu ya paa, lile zege bapa la juu, hunywa jua mchana kutwa na kulitema usiku, na chumba cha juu Kisumu kinaweza kukaa na joto hadi saa sita za usiku. Tulizoea kulala madirisha wazi chini ya neti. Maji ya asubuhi yalitoka na rangi ya chai ya rangi kwa dakika moja hivi, kwa sababu mabomba yalikuwa ya chuma ya tangu siku ya kwanza na kutu ilikuwa imeyabana ndani. Hilo tulilitatua wenyewe kwa kubadilisha mabomba ya ndani ya fleti yakawa ya plastiki. Stima ilinitisha zaidi. Fundi alifungua soketi ya sebuleni akanionyesha waya ambao mpira wake ulimeng'enyuka kama makapi ya chai alipougusa kwa kidole, na hakukuwa na waya wa ardhini. Tulivuta nyaya upya nyumba nzima kabla ya Krismasi. Sikulalamika. Hayo yalikuwa ndani ya kuta zangu, na kilicho ndani ya kuta zako, ukipata pesa, unakimaliza.

Juu ya kitanda cha binti yangu kulikuwa na doa. Dogo, la rangi ya hudhurungi, umbo la sikio. Nililipaka rangi mara mbili, na mara zote mbili lilirudi.

Kisha ikaja mvua ya Oktoba hadi Desemba 2019. Waliokuwa ukanda huu wanajua, hata ziwa lenyewe lilipanda baada ya hapo, na kufikia Mei 2020 lilikuwa limefika kiwango cha juu kisichowahi kupimwa kabla ya hapo, watu wa Dunga na kandokando wakafurika majumbani. Sisi Milimani tuko juu kidogo, mafuriko hayakutufikia kutoka chini. Yetu yalitoka juu. Usiku wa kwanza niliweka sufuria moja chini ya doa. Kufikia wiki ya tatu nilikuwa na sufuria mbili, beseni na ndoo ya kufulia, na binti yangu analala sebuleni. Nililia. Si kwa sababu ya maji. Niliwaza wale walimu wanne waliokuwa wamenidhamini.

Baba watoto alimleta fundi, mwanamume mtulivu kutoka Kakamega aliyefanya kazi za zege maisha yake yote. Hakuanza na paa. Alipanda kwenye meza chumbani, akaanza kugonga dari kwa mpini wa nyundo, tok, tok, tok, akisogea kidogo kidogo, sikio limeinama. Palipokuwa pazima palijibu kwa sauti nzito, fupi. Alipokaribia doa sauti ikabadilika, ikawa kama kugonga kibuyu. Akaniambia nisogee, akachomeka patasi, na kipande cha plasta na zege ukubwa wa sahani kikaanguka mezani. Ndani ilionekana nondo ya chuma, nyekundu, imevimba na kujitenga kwa magamba kama gome la mti. Akanieleza kwamba maji yakiingia ndani ya slabu hula chuma, na chuma kikishika kutu huwa kinene kuliko kilivyokuwa, kwa hiyo kinalisukuma zege lililokifunika mpaka linabanduka. "Hili doa si uchafu, mwalimu," alisema. "Ni chuma kinachotafuta nafasi."

Ndipo tukapanda juu, kwa ngazi ya chuma iliyo nje ya ukuta wa nyuma. Kwa mara ya kwanza tangu ninunue nyumba niliona paa lake. Lilikuwa bwawa. Slabu ilikuwa bapa, na mteremko mdogo uliowekwa na wajenzi kuelekea kwenye matundu ya kutolea maji ulikuwa umepotea chini ya matabaka ya lami yaliyobandikwa moja juu ya jingine kwa miaka. Matundu mawili kati ya manne yalikuwa yamezibwa na majani ya mwembe wa jirani, yaliyooza yakawa udongo, na juu ya udongo huo kulikuwa na nyasi zenye maua. Maji yalikuwa yamesimama hadi kwenye vifundo vya miguu, kati ya matangi, na katikati ya bwawa kulikuwa na ufa.

Fundi alisema kubandika lami nyingine ni kuongeza uzito na kuficha ugonjwa. Matabaka yote yatolewe, nondo zilizooza zisafishwe na kurekebishwa kutoka chini, saruji mpya imwagwe yenye mteremko, kisha ibandikwe karatasi mpya ya lami kwa moto. Shilingi 780,000.

Ni hapo nilipojifunza nilikuwa nimenunua nini. Paa lile halikuwa langu. Sikuwa na ruhusa ya kulivunja hata kama ningekuwa na pesa zote, na halikuwa la watu wa orofa ya juu peke yetu. Ni la fleti zote 12, sawa na ngazi, matangi, ukuta wa nje na bomba kubwa la maji taka. Niliitisha mkutano. Watu saba walikuja, tukasimama ngazini. Mama wa namba 2, orofa ya chini, alinisikiliza hadi mwisho akasema kwa upole, "Mwalimu, pole sana. Lakini mimi mvua hainifikii."

Niliumia, niseme ukweli. Nilirudi nyumbani nikamwita mchoyo. Siku chache baadaye nilishuka kwake kumpelekea bili ya maji iliyoletwa kwetu kimakosa, akanikaribisha ndani, na harufu ikanipiga kabla sijaketi. Akanipeleka bafuni. Bomba la maji taka la upande ule lilikuwa la chuma cha zamani, limeziba kwa chini, na kila sisi wa juu tulipooga asubuhi na kusukuma choo, maji yetu yalipanda kwenye sakafu ya bafu yake. Alikuwa ameweka matofali mawili ya kusimamia. Kwa miaka minne alikuwa ameomba jengo lirekebishe bomba, na watu wa juu walimwambia kwamba huko kwao choo kinafanya kazi vizuri. Mzee aliyeniuzia alikuwa mmoja wao. Na mimi, bila kujua, nilikuwa nimemmwagia maji yangu mwaka mzima na zaidi.

Sikuwa na la kusema. Nilimwomba msamaha, naye akanipikia chai.

Mkutano wa pili tuliuitisha mimi na yeye pamoja, kwa ajenda moja yenye mambo mawili. Paa na bomba, vyote au hakuna. Bomba lilikadiriwa 180,000. Jumla 960,000, yaani 80,000 kwa kila fleti. Namba 9 na namba 12, wenzangu wa juu, walikubali upesi. Orofa ya katikati ndiyo iliyokuwa ngumu, kwa sababu wao mvua haiwafikii na choo hakiwapandii. Aliyewageuza ni mzee wa namba 7, yule mkurugenzi asiyejijua, ambaye alikuwa pia mweka hazina. Alileta daftari.

Natamani kila mnunuzi angeliona daftari lile. La jalada gumu, pembe zimelika, limeandikwa kwa wino wa bluu mwandiko wa shule za zamani. Kila fleti ilikuwa inachanga 500 kwa mwezi, kiwango ambacho hakikuwa kimebadilika kwa zaidi ya miaka kumi. Wote wakilipa ni 6,000, na sehemu kubwa ilikwenda kwa mlinzi wa usiku na taa za ngazini. Mara ya mwisho neno "paa" kuonekana ni 2006: lami, debe mbili, na kibarua. Hakukuwa na akiba yoyote. Baadhi ya fleti zilikuwa na mistari mitupu mwaka baada ya mwaka. Namba 11, ya mzee wangu, ilikuwa na deni la miezi 31. Yote hayo yalikuwa pale, kurasa chache tu, katika fleti iliyo chini yangu, tangu ile siku ya Februari niliyosimama nikisikiliza upepo. Ningeomba nusu saa na daftari lile ningejua hali ya paa bila kupanda ngazi, na ningejadili bei kama mtu mwenye macho.

Mzee wa namba 7 alisoma kwa sauti, bila kumlaumu mtu. Kisha akafunga daftari akasema jengo linakufa kutoka juu na kutoka chini, na wao wa katikati wasidhani watabaki wakining'inia hewani. Walikubali.

Corona ilituchelewesha, watu walipoteza kazi, wengine walilipa kwa awamu za elfu mbili mbili. Kazi ya paa ilifanyika Januari na Februari 2021, kiangazi, kwa sababu fundi alikataa katakata kuigusa slabu wakati wa mvua. Wakati vijana wanateremsha yale matabaka ya lami kwa karai, nilihesabu matano. Bomba la maji taka lilibadilishwa wiki hiyo hiyo. Mama wa namba 2 alitoa yale matofali mawili nje, akayaweka chini ya jungu la maua karibu na mlango. Yapo mpaka leo. Michango tuliipandisha hadi 3,000 kwa mwezi, na 1,000 ya kila fleti haiguswi, ni ya paa, mabomba na matangi.

Upande wa hati pia haukubaki vile. Sheria mpya ya mali za sehemu ilipitishwa 2020 na ikaanza kutumika mwishoni mwa Desemba mwaka huo. Inataka ile mikataba ya zamani ya fleti irekebishwe, ili kila fleti ipate hati yake yenyewe na wamiliki wote wawe shirika moja linalosimamia mali ya pamoja na kulikatia jengo bima. Serikali ilitoa miaka miwili ya kufanya hivyo. Kwetu ilichukua zaidi, kwa sababu ile kampuni ilikuwa bado haijaamka vizuri, ikabidi kwanza tumtafute mkurugenzi wa Uingereza kupitia jamaa zake. Kisha mpima ardhi akaja na vifaa vyake, akapima kila fleti na kuchora ramani ya sehemu. Kodi ya kiwanja ikagawanywa kwa fleti 12. Leo nina hati yenye jina langu, yenye namba ya fleti yangu na sehemu yangu ya mali ya pamoja. Nilipoipata niliwapigia simu wadhamini wangu wanne mmoja mmoja, ingawa mkopo ulikuwa bado haujaisha.

Lililobaki ni 2054. Hati mpya haikuongeza hata siku moja kwenye ile miaka 99. Sheria ya ardhi inampa raia aliyekuwa na ardhi nafasi ya kwanza ya kupewa tena muda unapokwisha, iwapo serikali haiihitaji kwa matumizi ya umma, lakini nafasi ya kwanza si sawa na kuwa nayo mkononi. Tumeamua katika mkutano kuomba nyongeza mapema, sote kwa pamoja, na sehemu ya ada ya wakili imeshaanza kuwekwa kando. Mzee wa namba 7 alipiga kura ya ndiyo. Ana miaka 78.

Aprili hii namba 6 inauzwa. Mwalimu mmoja kijana wa shule ya jirani alipewa namba yangu ya simu, akanipigia Jumamosi mchana akitaka kujua kama jengo ni zuri. Nilimwambia aje. Dakika kumi baadaye wingu lilikuwa limejikusanya juu ya ziwa, jeusi, na ngurumo zimeanza upande wa Nandi. Akanipigia tena akiwa njiani, akasema dada, naona mvua inakuja kubwa, afadhali nirudi nije kesho asubuhi kukiwa kumekauka.

Nilikuwa tayari nimeshuka hadi kwa mzee kuchukua daftari na ufunguo wa ngazi ya nyuma. Nikamwambia asirudi. Aje sasa hivi, na avae viatu ambavyo vikilowa hatavijutia.